Kifaru Juu ya Meza ya Chakula

Je, mama, mwanao wa kiume akikuomba ruhusa ya kutengeneza kifaru cha vita juu ya meza mnayolia chakula, utamjibu nini? Nyumbani kwetu Dodoma swali hilo lilifika wakati wa likizo ya Desemba, ndani ya boksi lililoletwa na shangazi yake kutoka Uingereza. Shangazi hana mtoto wa kiume, naye aliingia dukani akachagua boksi lenye picha nzuri kuliko yote. Juu yake palichorwa kifaru cha Kimarekani aina ya Sherman, askari wawili, na moshi mwingi. Ndani mlikuwa na vipande vya plastiki ya kijani zaidi ya mia moja, vingine vidogo kama punje ya mtama, pamoja na karatasi ya maelekezo.

Kilikuwa kifaru cha kuunganisha kwa gundi na kuweka kabatini kitazamwe na wageni. Lakini mwana wetu, ambaye ana miaka 14, hakutaka cha kutazamwa. Alitaka kiende. Alitaka akae barazani na rimoti mkononi, kifaru kivuke ua, kipite katikati ya kuku, kigeuke na kurudi.

Sisi wazazi wake hatukukubaliana hata kidogo. Mama alisema wazi kwamba nyumba ambayo watu husali pamoja kila jioni si mahali pa kuchezea silaha, na kwamba tukianza na kifaru cha plastiki hatujui tutaishia wapi. Baba alisema ni mchezo tu, na kwamba yeye mwenyewe utotoni alichonga bunduki za miti ya mihogo pamoja na wenzake wote, na leo ni mzee wa kanisa. Mama akamkumbusha kwamba bunduki hizo hakuruhusiwa kuziingiza ndani. Tukalala bila kuafikiana. Tunaandika haya pamoja, sisi wawili, kwa sababu tunaamini zipo nyumba nyingine zenye boksi la namna hii juu ya kabati, likingoja wazazi waamue.

Jambo ambalo hatukulitaja usiku ule ndilo lililotusumbua zaidi. Mtoto alikuwa amerudi kutoka shule ya bweni akiwa amenyamaza. Matokeo yake ya mtihani hayakuwa mazuri, hasa hisabati. Aliamkia, akala, akanawa mikono, akaingia chumbani na kufunga mlango. Tangu arudi, baba alikuwa amezungumza naye kwa kirefu mara moja tu, nayo yalikuwa mazungumzo ya alama. Ombi la boksi lile ndilo neno la kwanza alilotuambia kwa hiari yake kwa muda wa wiki mbili.

Basi tuliruhusu, lakini kwa masharti. Kazi ifanyike mezani mbele ya watu, wala si chumbani. Baba awepo. Na kikianza kwenda, mzinga wake usielekezwe kwa binadamu yeyote. Sharti hili la mwisho tulilitaja kama watu wanaotaja jambo dogo.

VITU HIVI VILIKOTOKA

Tulijiona hatuna haki ya kukataza wala kuruhusu jambo tusilolijua, kwa hiyo tulijifunza kidogo. Katika Kiswahili tunakiita chombo hiki kifaru, kama yule mnyama wa ngozi ngumu ambaye kichaka hakimzuii. Waingereza waliokibuni walikipa jina la uongo. Mwaka 1915, walipokuwa wakikitengeneza kwa siri katika mji wa Lincoln, ilisemwa kwamba ni matangi ya kubebea maji, na jina la tangi likabaki katika lugha yao hadi leo. Kiliingia vitani kwa mara ya kwanza tarehe 15 Septemba 1916, huko Somme nchini Ufaransa. Kile cha majaribio, walichokiita Little Willie, kipo mpaka sasa katika makumbusho ya vifaru ya Bovington, kusini mwa Uingereza.

Nako kuongoza kitu kwa redio ni jambo la zamani kuliko kifaru chenyewe. Mwaka 1898, mjini New York, Nikola Tesla aliwaonyesha watu mashua ndogo iliyokwenda na kugeuka bila kamba wala mtu ndani yake.

Habari iliyotufurahisha ni ya Japani. Katika mji wa Shizuoka iko kampuni iitwayo Tamiya, iliyoanza mwaka 1946 ikishughulika na mbao. Mwaka 1961 ilitoa kifaru cha plastiki aina ya Panther, nacho tangu mwanzo kilikusudiwa kwenda kwa mota ndogo na betri. Ukubwa wake ulikuwa wa 1/35, yaani sentimita moja ya mfano ni sentimita 35 za kifaru halisi. Kipimo hicho hakikutoka kwa wataalamu wa hesabu. Kilitokana na haja ya betri kuenea ndani! Leo watengenezaji wa dunia nzima wanakifuata, na kifaru cha mwana wetu kilikuwa cha kipimo hichohicho. Hivyo kijana hakuwa ameomba jambo la ajabu. Alikuwa akilirudisha boksi kwenye desturi yake ya kwanza.

Baba, kwa haraka zake, alitaka kununua kabisa kifaru kilichotengenezwa tayari kwa rimoti, kile kikubwa cha 1/16 chenye urefu wa karibu sentimita 37 na sauti ya injini. Bei yake ilimnyamazisha.

KAZI YENYEWE

Kifaru hakina usukani. Mama aliyewahi kuona jembe la maksai ataelewa upesi. Ukimzuia ng'ombe wa kulia na wa kushoto akaendelea, jembe litageukia kulia. Kifaru nacho kina mnyororo kila upande; upande mmoja ukipunguza mwendo, chombo hugeukia upande huo. Ukiupeleka mmoja mbele na mwingine nyuma, kinazunguka palepale kama mtu anayetafuta ufunguo alioudondosha. Kwa sababu hiyo zinahitajika mota mbili, kila mnyororo na yake, na rimoti yenye vijiti viwili.

Katika kifaru cha kipimo hiki nafasi ni shida kubwa. Sherman halisi ilikuwa na urefu wa karibu mita 6. Ya mezani petu ilikuwa sentimita 17, na upana wa ndani, kati ya minyororo, kama sentimita 5 tu. Fundi redio wa mtaani kwetu ndiye aliyetupa ushauri wa kutumia sevo. Sevo ni kijimota chenye gia zake ndani ya kikasha kimoja, uzito wa gramu 9 hivi, nacho hutumika kugeuza usukani wa magari na ndege za kuchezea. Tuliagiza tatu kutoka Dar es Salaam zikaja kwa basi, pamoja na rimoti na kipokezi chake.

Lakini sevo ina tabia yake. Haizunguki mzunguko mzima. Inakwenda nusu duara na kusimama. Fundi alitufungulia moja akatuonyesha sababu. Kwenye gia ya mwisho kuna kijino kinachoizuia, na chini yake kuna kipimio kinachoiambia mota imefika wapi. Ukikata kile kijino, ukakitenganisha kipimio na gia, kisha ukakigandisha katikati kwa tone la gundi, sevo inadanganyika. Hudhani siku zote kwamba iko katikati. Ukiiamuru ielekee mbele inazunguka, inazunguka, wala haifiki. (Mama alisema anawajua watu wa namna hiyo.) Zipo sevo zinazouzwa tayari zikiwa za kuzunguka, na asiye na subira anunue hizo. Sisi tuliikata wenyewe, na ya kwanza iliharibika, kwani baba alikata kijino pamoja na meno mawili ya gia. Ndiyo maana tunashauri kuagiza tatu.

Sherman huvutwa na magurudumu ya mbele yenye meno, kwa hiyo sevo zilikaa mbele, mgongo kwa mgongo, vichwa vyake vikichungulia nje kupitia matundu yaliyopanuliwa kwa tupa ya duara. Hapo tukapata somo. Gundi ya plastiki iliyomo katika kazi hii haifanyi kazi kama ya mbao. Inayeyusha plastiki yenyewe, na vipande viwili vikishikana vinakuwa kitu kimoja. Lakini kile kisahani kinachofungwa kwenye sevo ni cha nailoni, na nailoni haiyeyuki kwa gundi hiyo. Tulikigandisha kwenye gurudumu jioni, na asubuhi kikabanduka kama ganda la yai. Ilibidi kukikwaruza kwa msasa, kukipaka supa gluu na kukipigilia skrubu mbili ndogo.

Magurudumu ya chini ni 12, sita kila upande, yakiwa yameshikwa wawili wawili. Kijana alifahamu hili kabla yetu: asipoyatia gundi yanazunguka yenyewe. Maelekezo ya boksi hayakusisitiza jambo hilo, maana waliyaandika kwa ajili ya kifaru cha kusimama.

Kilichotushinda siku tatu ni minyororo. Katika boksi letu ilikuwa mikanda miwili ya plastiki laini, na maelekezo yalisema ncha zake ziunganishwe kwa kuyeyusha vichwa vya pini kwa bisibisi ya moto. Kwa kifaru cha kabatini inatosha. Cha kwetu kilipovuta mara ya kwanza, mkanda wa kushoto ulikatika hapohapo. Baba akajaribu supa gluu. Ikawa ngumu kama kipande cha waya na kuukwamisha mkanda kila ulipofika kwenye meno. Wanaume wawili wakakaa wakiutazama kana kwamba ungejirekebisha.

Ndipo mama, ambaye mpaka siku hiyo alikuwa akipita na vyombo bila kutupa jicho, aliuchukua ule mkanda akaenda nao kwenye kikapu cha cherehani. Alilaza ncha moja juu ya nyingine, akazishona kwa sindano nyembamba na uzi wa nailoni wa kushonea viatu, mishono minne, fundo kwa ndani. Akaulowesha mkanda katika maji ya uvuguvugu ili ulainike. Haujakatika tena mpaka leo. Hatutaki kujisifu kupita kiasi, lakini baada ya hapo hakuna aliyeuliza kama mama anakubali kifaru au hakubali. Aliulizwa mshono uwe wa namna gani upande wa kulia.

BETRI, GUNDI NA MTOTO MDOGO

Hapa tunaomba akina mama wasome polepole. Muuzaji alitushauri betri ya lithiamu, ile bapa iliyofungwa kwa karatasi laini, kwa kuwa ni ndogo na ina nguvu nyingi. Ni kweli. Lakini betri ya namna hiyo ikitobolewa, ikipondwa, au ikichajiwa kwa chaja isiyo yake inaweza kushika moto, tena moto mkali usiozimika kwa urahisi. Ikivimba haifai kuchajiwa tena kamwe. Haichajiwi watu wakiwa wamelala au wametoka, na haichajiwi juu ya kitanda wala kochi. Watu wazima wazoefu wanazitumia vizuri. Sisi, tukijua kijana wetu anavyosahau hata kufunga bomba, tulikataa. Tulichukua betri nne ndogo za nikeli za kuchaji, zile nyembamba zinazotiwa kwenye rimoti ya televisheni. Kila moja ina volti 1.2, zote nne zinafanya volti 4.8, na hizo zinatosha sevo. Zikipangwa sambamba zinaenea nyuma ya bodi bila taabu.

Gundi ya plastiki ina harufu kali inayoumiza kichwa. Madirisha yawe wazi, na kazi isifanyike usiku milango ikiwa imefungwa kwa sababu ya mbu. Lehemu ya kuunganishia nyaya mara nyingi huwa na madini ya risasi, kwa hiyo mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula, na meza ya chakula isitumike bila kutandikwa. Sisi tulitandika kitambaa cha mpira ambacho hakikurudi tena jikoni. Na pasi ya kulehemu ina moto wa zaidi ya nyuzi 300. Inapumzishwa kwenye kishikio chake, wala si kwenye ukingo wa sahani kama tulivyofanya sisi, hata sahani ikapasuka.

Binti yetu mdogo ana miaka miwili. Siku ya pili tulimkuta na kichwa cha askari mdomoni. Tangu hapo vipande vyote vililala ndani ya kopo la maziwa lenye mfuniko, juu ya kabati, na sakafu ilifagiliwa kabla hajaamka.

SIKU KILIPOKWENDA

Ilikuwa Jumamosi alasiri. Kipokezi kilikaa katikati ya bodi, chini ya kile kichwa kinachozunguka chenye mzinga, na waya wake mfupi wa kunasa mawimbi ukapitishwa mbali na betri. Kijana akasukuma vijiti vyote viwili mbele. Kifaru kikazunguka palepale kwa kasi, kikaangusha chumvi, kikaelekea ukingoni mwa meza. Baba akakidaka.

Sababu ilikuwa rahisi. Sevo zimekaa mgongo kwa mgongo, kwa hiyo zikipewa amri moja, kila moja huzunguka kinyume cha mwenzake. Katika rimoti kuna kiswichi cha kugeuza upande mmoja. Kilipobonyezwa, kifaru kikanyoosha njia. Kikabaki na ulemavu wa kutambaa polepole hata vijiti vikiachwa, kwa kuwa kile kipimio hakikugandishwa katikati sawasawa. Hilo nalo likatulizwa kwa kuzungusha kitufe kidogo cha kurekebisha.

Ule mpango wa kuvuka ua katikati ya kuku haukufaulu. Mchanga wa kwetu uliingia kwenye meno ya magurudumu na kifaru kikazama kabla ya kufika nusu ya njia. Jogoo akakisogelea, akakidonoa mara moja, akaondoka. Mahali pake ni barazani, kwenye saruji iliyofagiliwa.

Hapo barazani ndipo lilipotokea jambo ambalo hatukulipanga. Kijana alitaka kujua kina mwendo gani. Alipima gurudumu lenye meno akapata kipenyo cha milimita 18, akazidisha kwa 22/7, akapata karibu milimita 57 kwa kila mzunguko. Karatasi ya sevo ilimwambia kwamba inazunguka kama mara 100 kwa dakika. Hiyo ni mita 5.7. Akachora mstari wa chokaa, akaazima saa ya baba, akakipima. Kikaenda mita 5 na kidogo, kwa sababu kazi ya kuvuta minyororo inakipunguzia. Kisha akauliza kama kingekuwa kikubwa kamili kingekwenda vipi. Akazidisha ile 5.7 kwa 35, halafu kwa 60, akaandika juu ya mfuniko wa boksi: kilomita 12 kwa saa. Sherman halisi iliweza kufika kama 40 barabarani. Baba alifungua mdomo kusema neno kuhusu hisabati na mtihani. Mama akamkanyaga mguu. Neno halikusemwa, na jioni ile mlango wa chumbani haukufungwa.

BABU

Hatujamtaja babu, naye ndiye aliyetupa funzo ambalo hatukulitarajia. Ni baba mzazi wa baba mwenye nyumba, na anaishi nasi. Yeye na mjukuu wake ni watani wakubwa, lakini siku zote za kazi ile babu alihamisha kiti chake akakaa chini ya mwarobaini, mbali na baraza. Tulidhani harufu ya gundi inamsumbua.

Siku moja kifaru kilipokuwa kikitembea, kichwa chake kiligeuka chenyewe kwa mtikisiko, na mzinga ukamwelekea. Babu alisimama. Hakugomba. Alisema tu, "Mjukuu wangu, kigeuzie kule." Sauti yake haikuwa ya utani.

Majeshi ya Idi Amin yalipoingia Kagera mwezi Oktoba 1978, babu alikuwa kijana jeshini. Alipita Mutukula kwa miguu mwanzoni mwa 1979, akafika Masaka, na tarehe 11 Aprili Kampala ilipotekwa hakuwa mbali. Hayo tuliyajua, kama familia inavyojua jambo lisilozungumzwa. Tusilolijua ni kwamba jeshi la Amin, pamoja na vifaru vya Kirusi, lilikuwa na Sherman kadhaa zilizotoka Israeli. Babu alikuwa amekitambua tangu picha ya boksi. Hakutuambia, kwa sababu alimwona mtoto amefurahi.

Tunakiri kwamba hapo tuliona haya. Tulikuwa tumebishana wiki nzima juu ya dhambi na mchezo, tukiitaja vita kana kwamba ni jambo la kwenye vitabu, na mtu aliyeijua alikuwa amekaa chini ya mti. Mama alitaka kitu hicho kitoke nyumbani jioni ileile. Babu ndiye aliyekataa. Alimwambia mkwewe, "Hapana, mama. Mtoto amekifanya kwa mikono yake. Kitoeni kile kichwa tu."

Kichwa hutoka kwa urahisi. Hatukukitia gundi, kwa sababu chini yake ndiko kuna kipokezi na nyaya, na bila kukiinua huwezi kubadilisha betri. Kijana alikiinua, na kilichobaki kilionekana kama trekta la ajabu. Babu alikitazama kwa muda mrefu, kisha akaanza kucheka. Akasema baba yake yeye aliviona vitu kama hivyo Kongwa.

Tulidhani ni mzaha, lakini ni historia kamili. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Tanganyika, kwanza Kongwa, baadaye Urambo na Nachingwea, kwa lengo la kulima ekari zaidi ya milioni 3. Matrekta yalikuwa haba mara tu baada ya vita, na vifaru vilikuwa vingi visivyo na kazi, kwani Sherman peke yake zilitengenezwa zaidi ya 49,000. Kampuni ya Vickers ikachukua vifaa vya Sherman ikavigeuza kuwa matrekta, na kuyaita Shervick. Yalikuja hapa kwetu kung'oa vichaka. Vichaka vya Kongwa vilikuwa na mizizi migumu kuliko walivyodhani, udongo ukikauka unakuwa kama saruji, na mvua ilifanya ilivyotaka. Walijaribu hata kufunga mnyororo mzito wa nanga ya meli kati ya mashine mbili ili uangushe miti. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, hasara ikihesabiwa kuwa pauni milioni 36. Mzee wetu wa zamani alikuwa kibarua wa kukusanya visiki, na alichobaki nacho ni sufuria kubwa ya kambini ambayo mpaka leo hupikiwa pilau ya Krismasi.

Nabii Isaya na nabii Mika wote wawili wanasema juu ya panga kufuliwa kuwa majembe. Mama alifikiri somo limekamilika hapo, na kwamba kijana atakubali mara moja kifaru kiwe trekta. Hakukubali. Alisema alikijenga kiwe kifaru, kwamba kichwa kile alikipaka rangi siku mbili, na kwamba Shervick yenyewe kwa maneno ya babu ilishindwa kazi. Baba alikuwa upande wake, japo alijifanya hana upande. Mwishowe wakaafikiana babu na mjukuu, bila sisi: babu akiwapo barazani kichwa hutolewa, na likizo ijayo wataunda jembe la kukokota na trela ya bati. Babu asipokuwapo, hatujaulizwa.

Kijana amerudi shuleni. Betri tulizitoa ndani ya kifaru ili zisivujie humo, na kile kichwa kimo kabatini, ndani ya bakuli la sukari lisilo na mfuniko. Jumapili iliyopita mwalimu alimruhusu kutumia simu yake kutupigia. Aliamkia, akauliza habari za mdogo wake, kisha akaomba azungumze na babu. Wakazungumza mpaka salio la mwalimu likakaribia kwisha, juu ya upana wa trela, na kama bati la kopo la maziwa linaweza kukunjwa bila kupasuka.